Mpeni udongo kwanza

Buibui wa mlango akikufia kwenye chupa, usitafute mchawi. Amekufa kwa kukosa udongo.

Tunalisema mapema kwa sababu visingizio ni vilevile kila mara. Mtoto kamchimbua ukingoni mwa njia, kamtia kwenye chupa ya jemu, katoboa kifuniko kwa msumari, kaweka pamba yenye maji na nzi wawili. Mwalimu kaipanga chupa kwenye dirisha la maabara, jua la saa nne linaipiga. Wiki ya pili buibui kakunja miguu. Hapo ndipo maneno huanza: alikuwa mgonjwa, hakupenda wale nzi, joto la Tanga limemzidi. Joto gani la Tanga, na yeye kazaliwa hapahapa?

Hatukatazi watoto kupenda wadudu. Tunawapongeza. Mtoto anayechuchumaa nusu saa kwenye ukingo wa mtaro kutazama kishimo ana akili inayofanya kazi. Tunachokataa ni watu wazima kumwachia chupa, wakati ndoo ya udongo haigharimu kitu na kila mmoja wetu, akitulia dakika moja, anajua kwamba kiumbe wa shimoni anataka shimo.

Kwanza tumjue. Buibui huyu hatandi utando kwenye pembe za nyumba. Anachimba shimo la mviringo, analipaka ndani kwa hariri yake mpaka linakuwa laini kama bomba, kisha analifunga juu kwa kifuniko cha hariri na udongo. Upande mmoja wa kifuniko ameacha bawaba ya hariri, hivyo kinafunguka na kujifunga kama mlango wa sanduku. Juu yake anabandika vumbi, majani makavu na kuvumwani, mpaka mlango unafanana na ardhi inayouzunguka. Unaweza kumpita miaka kumi ukienda sokoni usimjue.

Kingo za udongo mgumu ndizo anazozipenda. Panda barabara ya Muheza kwenda Amani, shuka pale kilima kilipokatwa, usogeze uso karibu na ule ukingo mwekundu. Tafuta duara dogo la upana wa sarafu, lenye ufa mwembamba kama unywele. Ukiliona, chukua njiti ya ufagio wa chelewa uinue kifuniko taratibu. Utakuta kinavutwa kutoka ndani. Mwenye nyumba ameng'ang'ania mlango wake kwa kucha na kwa meno, miguu ameikaza ukutani, na nguvu yake utaisikia kwenye vidole vyako. Ukishaisikia, shusha njiti. Umebisha hodi, umejibiwa, inatosha.

Wapo wanaomchanganya na yule buibui mkubwa mwenye manyoya, wa rangi ya machungwa, ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamwita kwa jina la milima yetu ya Usambara. Ni ndugu, maana wote wawili wana meno yanayoshuka chini kama sururu badala ya kubana kama koleo. Lakini yule hana mlango. Hutanda hariri nyingi mdomoni mwa shimo lake, na ukimsogelea huinua miguu ya mbele kwa hasira. Huyu wetu wa leo ni mpole na mwenye haya. Ukimgusa anataka kitu kimoja tu, arudi ndani afunge.

Mbele ya taya zake ana safu ya miiba migumu mifupi. Ndiyo anayochimbia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu kaja na jembe lake mdomoni. Anachodai kwako ni mahali pa kulima. Wewe unampa pamba.

Tuvichukue visingizio kimoja kimoja.

Cha kwanza: "Tukimpa udongo atajificha, hatutamwona." Ndiyo, atajificha. Hayo ndiyo maisha yake. Anayetaka mnyama wa kutazama kutwa nzima afuge samaki au njiwa. Buibui wa mlango anatazamwa usiku, kwa subira, na tutaeleza namna. Kumtoa shimoni ili aonekane ni sawa na kumvua kobe gamba ili umjue vizuri.

Cha pili: "Tulimpa mchanga." Mchanga gani? Wa Raskazone? Mchanga wa pwani una chumvi na haushikani. Atachimba, utamwangukia, atachimba tena, utamwangukia tena, mpaka nguvu zimwishie. Kiumbe anayejenga kuta anataka udongo unaosimama ukichimbwa, ule unaoufinyanga kiganjani ukabaki donge.

Cha tatu: "Tulimwekea makumbi ya nazi, tumesikia Wazungu wanafanya hivyo." Ni kweli, huko nje makumbi yaliyosagwa huuzwa yakiwa yamekandamizwa kama tofali, na wafugaji wa buibui huyanunua. Sisi tunayo malundo kila palipofuliwa nazi. Lakini makumbi matupu ni mepesi mno. Yanatunza unyevu vizuri na hayashiki ukuta. Yachanganye kidogo kwenye udongo, usiyafanye yenyewe kuwa udongo.

Cha nne, na hiki ndicho kinachoua wengi: "Alikwisha kufa, mlango haufunguki, tukamchimbua." Mkamchimbua mkamkuta hai, mweupe, laini kama funza, akiwa katikati ya kujivua gamba. Buibui hukua kwa kujivua. Huyu wa mlango, siku zake zikifika, huuziba mlango kwa hariri kutoka ndani na kukaa kimya kwa wiki, pengine miezi. Hali, hatoki, hajibu. Ukimfukua wakati huo umemvunja. Mlango uliozibwa maana yake ni usibishe. Jambo hilo tunalielewa vizuri kwa majirani zetu; tulielewe na kwa buibui.

Sasa utunzaji wenyewe, kwa mwenye ruhusa na sababu ya kumtunza, iwe ni mwalimu, mtafiti au kituo cha elimu. Hauna ufundi wa ajabu.

Tafuta ndoo ya rangi ya lita ishirini iliyooshwa vizuri, isibaki na harufu. Itoboe matundu machache chini, maji yasituame. Ijaze udongo wa palepale alipotoka buibui. Kama haupatikani, changanya udongo wa kawaida wa bustani ambao haujatiwa mbolea wala dawa, na udongo wa kichuguu kidogo wa kuushikisha. Ushindilie kwa ngumi tabaka kwa tabaka, kama unayekandika nyumba, mpaka ufike kina cha sentimita ishirini na tano. Chini ya ishirini kwa buibui mzima ni kumdanganya. Watoto wadogo watatoshwa na bilauri ya plastiki yenye udongo wa sentimita kumi, kila mmoja na yake, maana wakikaa pamoja watakulana.

Kisha mwanzishie shimo. Hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na ndoo nzuri. Jike mzima aliyetolewa nyumbani kwake ni kama bibi aliyebomolewa nyumba akaambiwa aanze msingi upya: ni kazi ngumu, na mara nyingi haiwezi. Chukua kijiti cha unene wa kidole gumba, kidunge kwenye udongo kwa kulalia kidogo upande, kina cha kidole kizima. Mwelekeze mdomoni mwa shimo hilo. Akiingia, funika ndoo kwa wavu wa mbu uliokazwa kwa mpira, weka mahali penye kiza na utulivu, halafu ondoka. Usirudi kuchungulia kila baada ya saa. Baada ya siku kadhaa utakuta ameanza kusuka kifuniko.

Maji: usimwekee kisahani akiwa shimoni, hatapanda kukinywea. Mimina maji kidogo ukingoni mwa ndoo upande mmoja, yashuke chini. Juu pakikauka si neno. Chini pawe na ubichi. Januari na Februari, kaskazi ikikausha kila kitu, ongeza. Mvua za masika hewa ikiwa nzito, punguza. Udongo uwe kama wa shamba siku mbili baada ya mvua. Ukiuminya ukachuruzika, umezidisha.

Chakula: nyenje mmoja au mende mdogo kwa wiki, au kwa wiki mbili, anatosha kabisa. Msimu wa kumbikumbi mpe kumbikumbi. Usimpe mende uliyemkuta akisuasua jikoni, maana huenda amepigwa dawa, na dawa hiyo itamwingia buibui. Mdudu asiyeliwa mtoe asubuhi. Buibui akikataa, usimlazimishe. Anaweza kukaa muda mrefu bila kula na asidhurike. Watu wetu wana huruma ya kulisha, ndiyo maana tunasisitiza: wachache mno wanakufa njaa, wengi wanaharibiwa na wingi wa chakula kinachooza shimoni.

Jua: hapana. Taa ya kupasha joto: ya nini, Tanga hii? Karibu na spika za muziki au mashine ya kusaga: hapana pia. Buibui huyu anaisikia dunia kwa mtetemo. Kila tetemeko kwake ni habari ya mlo au ya adui, na ukimtetemesha mchana kutwa hatapumzika.

Sisimizi: hawa ndio adui wa kweli wa ndoo yako. Siafu wakiipata usiku, asubuhi hutakuta kitu. Dawa ya jambo hili mama zetu waliijua zamani. Kabati la chakula lilisimamishwa miguu ndani ya makopo ya maji. Weka ndoo juu ya kistuli, kila mguu kwenye kopo lake, ujaze maji.

Na kumtazama, ndiyo hivi. Subiri saa tatu usiku. Zima taa, funga kurunzi kwa karatasi nyekundu ya nailoni, kaa kimya. Utaona kifuniko kimeinuka kiasi cha unene wa shilingi, na chini yake ncha za miguu ya mbele zimepangwa ukingoni kama vidole vya mtu dirishani. Dondosha nyenje kando kidogo ya mlango. Nyenje anatembea, anasimama, anatembea. Mlango unapigwa wazi, kitu cheusi kinatoka nusu mwili, miguu ya nyuma bado imeshika kizingiti, na mlango umekwisha kujifunga. Nyenje hayupo. Imechukua muda wa kupepesa macho. Mwanafunzi aliyeona hilo mara moja hatahitaji chupa ya dirishani maisha yake yote.

Hapo tumeeleza namna ya kumweka buibui hai kwenye ndoo. Lakini tungekuwa waongo tukiishia hapo, kwa sababu ndoo yenyewe, hata iliyo bora, ni ya pili kwa ubora. Udongo bora anao tayari.

Fikirini anavyoishi. Watoto wake wakitoka shimoni mwa mama yao hawaendi mbali. Wengi huchimba vishimo vyao hatua chache tu kutoka kwa mama. Ndiyo maana ukipata mlango mmoja kwenye ukingo, ukitulia utaona wa pili, wa tatu, wa kumi, mingine midogo kama kifungo cha shati. Ni mtaa mzima, ukoo mmoja. Majike hubaki kwenye shimo lilelile, wakilipanua kadiri wanavyokua. Madume wakikomaa hutoka, mara nyingi baada ya mvua, hutangatanga kutafuta majike, na hawaishi muda mrefu baada ya hapo. Kwa hiyo yule buibui mweusi unayemkuta barazani asubuhi ya masika ni dume aliye safarini. Mwache apite. Kumweka ndani ni kumnyima safari yake pekee.

Hesabu ni rahisi. Jike anachukua miaka kukomaa. Anayekuja na sururu kwenye ukingo wa mita tatu akaondoka na majike sita hajachukua buibui sita. Amechukua mama wote wa mtaa ule, na hakuna anayekuja kutoka mbali kuziba pengo.

Hili linatuleta kwa vijana wanaouliza kama buibui hawa wana pesa nje. Tunalijibu waziwazi. Machi 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Juni 2022 ilitangazwa kwamba marufuku hiyo ingelegezwa kwa muda, na ndani ya siku chache tangazo hilo likasitishwa. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa 1997, hutoi hata konokono bila kibali. Anayekuja na vikopo na ahadi ya fedha za kigeni anataka wewe ubebe hatia na yeye abebe buibui.

Na hata kama sheria ingeruhusu, biashara yenyewe haisimami. Yule buibui wa machungwa mwenye jina la Usambara hukua upesi na hutaga kwa wingi. Wafugaji wa nje wanamzalisha wenyewe kizazi baada ya kizazi, hawahitaji kurudi kwetu. Tuliyaona hayo zamani kwa ua. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani hapa Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau la misitu yetu. Mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia, na leo limo kwenye vyungu vya madirisha duniani kote, wakati kwao msituni aina kadhaa za ua hilo ziko hatarini kwa sababu miti inayolipa kivuli inakatwa. Kiumbe kikishaondoka, faida inabaki kule kilikokwenda. Kwetu kinachoweza kubaki na thamani ni mahali pake.

Wafugaji wa vipepeo wa vijiji vya Amani walilielewa hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hawakwenda kuufyeka msitu kwa nyavu. Walipanda miti ambayo viwavi wanaila, wakafuga vipepeo wazazi kwenye vibanda vya wavu, wakauza pupa. Marufuku ya 2016 iliwaumiza vibaya, na tunaamini walistahili kutenganishwa na wawindaji. Lakini somo lao linabaki: walianza na jani, kipepeo akafuata. Tofauti ni kwamba kipepeo anakamilika kwa wiki, na buibui wa mlango kwa miaka. Kwa hiyo hatuwashauri kuanzisha banda la buibui la kibiashara. Tunawashauri kuchukua nusu ya kwanza ya somo: anza na udongo.

Na kuna woga. Tunawaelewa wazazi wanaomwaga mafuta ya taa kwenye kila kishimo kando ya nyumba. Wanalinda watoto. Lakini kung'atwa na buibui wa mlango, ingawa kunauma, hakuhesabiwi miongoni mwa hatari za kuua mtu, na ili akung'ate lazima umng'oe nyumbani kwake na kumshika. Nyoka na nge ndio wa kuogopwa, na hao hawakai nyuma ya mlango wa hariri wenye upana wa sarafu. Buibui akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni, nenda zahanati, na usimwage mafuta ya taa kwenye ardhi unayochota maji.

Basi dawa yenyewe ni hii, na ni rahisi kiasi kwamba watu wanaona aibu kuipendekeza kwenye vikao: acheni ukingo.

Shule nyingi za Muheza, Korogwe, Lushoto na Mkinga zimejengwa juu ya miteremko. Nyuma ya darasa au kando ya njia ya uwanjani kuna ukingo wa udongo ambao kila muhula wanafunzi wanapewa majembe kuukwangua uwe "safi". Chagueni mita tatu za ukingo huo msizikwangue. Pigeni vijiti vinne, fungeni kamba ya mkonge, maana kamba hiyo kwetu si ya kutafuta. Ndani ya mstari huo jembe lisiingie, taka zisichomwe, dawa isipulizwe. Majani yaachwe yanyauke yenyewe.

Kisha wanafunzi watafute milango. Kila mlango uwekewe kijiti chenye namba, kwa rangi, umbali wa shubiri moja juu yake, bila kugusa kifuniko. Daftari moja la kurasa mia linatosha: tarehe, namba, upana wa mlango kwa rula, umefungwa au uko wazi, umezibwa au umevunjika, mvua imenyesha au la. Kila mwezi mara moja. Kidato cha kwanza wapokee daftari kutoka kwa kidato cha nne kama wanavyopokea ufunguo wa stoo.

Hakuna hata senti ya mfadhili inayohitajika hapo. Hakuna kibali cha kukamata, kwa kuwa hakuna anayekamatwa. Hakuna buibui wa kulishwa wakati wa likizo, kwa kuwa anajilisha. Siafu watakuja, na yeye atawafungia mlango kama alivyofunga siku zote. Mwalimu wa baiolojia atakuwa na maabara inayofanya kazi usiku na mchana, ukame na masika, na hatalazimika kueleza tena kwa nini kiumbe wa mwezi uliopita amekunja miguu kwenye chupa.

Halmashauri nazo zina sehemu yao. Greda linapochonga barabara za vijijini hula kingo zote mbili kwa pupa, hata pale ambapo upande mmoja ungetosha. Mwendeshaji akiambiwa mapema kwamba mita hizi kumi karibu na shule ziachwe, ataziacha. Tatizo ni kwamba hakuna anayemwambia. Mwenyekiti wa kijiji, hiyo ni dakika tano za kusimama barabarani.

Watatuambia kwamba mambo haya ni ya wataalamu. Amani imekuwa na kituo cha utafiti tangu 1902, na tangu hapo watu wametoka mbali kuja kupanda milima yetu na kupiga magoti mbele ya vitu ambavyo sisi tunavikwangua kwa jembe. Magoti tunayo na sisi.

Na kwa anayedhani kijiti chenye namba ni mchezo wa watoto, tumpe habari moja. Mwaka 1974, huko Australia Magharibi, mwanasayansi Barbara York Main alianza kuhesabu mashimo ya buibui wa mlango kwenye pori dogo la North Bungulla. Hakuwang'oa. Kila shimo aliliwekea kigingi chenye namba, akawa anarudi kila mwaka kutazama nani yuko hai. Buibui wa kigingi namba 16 alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Main aliendelea kurudi. Miaka ya themanini ikapita, ya tisini ikapita, namba 16 yuko kwenye shimo lilelile. Main akazeeka, kazi ikaendelezwa na mtafiti Leanda Mason. Mwaka 2016 Mason alifika akakuta mlango wa namba 16 umetobolewa, dalili za nyigu anayetaga kwenye mwili wa buibui. Jike yule alikuwa na umri wa miaka 43. Hakuna buibui mwingine duniani ambaye umri wake umeandikwa mkubwa kuliko huo.

Miaka arobaini na mitatu bila chupa, bila ndoo, bila nyenje wa kununua. Utunzaji wote aliopewa ulikuwa ni kigingi, daftari, na watu waliokubali kumwacha kwenye udongo wake.

Mtoto wa kidato cha kwanza akipiga kijiti chake muhula huu kando ya mlango mdogo kama kifungo, upo uwezekano wa kweli kwamba siku moja atarudi pale na mwanawe, atatafuta namba iliyofifia rangi, atachuchumaa, atainua kifuniko kwa njiti ya chelewa. Na kifuniko kitavutwa kutoka ndani.

Ukingo upo nyuma ya darasa. Kesho asubuhi, kabla ya zamu ya usafi, mwalimu awaambie wenye majembe waanzie upande wa pili.